Vishindo Viwili na Kofi Moja: Maisha ya Marehemu Freddie Mercury, Mzaliwa wa Unguja

Waliojaliwa kufika kwenye mkutano wetu wa mwaka jana watakumbuka kwamba mchezo wa kandanda baina ya wanafunzi na sisi wazee wa shule ulimalizika kwa sisi kufungwa mabao 3 kwa 1, na hilo bao letu lenyewe lilikuwa la penalti. Lakini kilichonisukuma kuandika makala haya si mabao hayo. Katika kipindi cha pili vijana wa kidato cha pili na cha tatu walipanga madawati kando ya uwanja, wakapanda juu yake, wakaanza kupiga miguu kwa pamoja: kishindo, kishindo, kofi, kishindo, kishindo, kofi. Muda si muda uwanja mzima ukawa unaitikia. Akina mama waliokuwa wakiuza mihogo na juisi ya ukwaju waliacha biashara zao wakapiga makofi.

Baada ya mchezo nilimwita kijana mmoja, mwenyeji wa Mbwera huko Delta, nikamwuliza wimbo ule ni wa nani. Alinijibu kwa adabu kwamba ni wimbo wa mpira, aliusikia katika kibanda cha kuonyeshea mechi za Ulaya hapo Kibiti mjini. Aliyeuimba hakumjua. Wenzake waliosimama karibu nao hawakumjua, na mmoja wao alidhani wimbo huo hauna mwenyewe, kama zilivyo nyimbo za jando.

Wenyewe wapo. Wimbo huo unaitwa We Will Rock You, ulitolewa katika santuri nchini Uingereza mwezi Oktoba, 1977, na bendi iliyoitwa Queen, yaani Malkia. Aliyeutunga ni mpiga gitaa Brian May. Lakini sauti inayosikika ndani yake, sauti ambayo dunia nzima inaitambua, ni ya mtu aliyezaliwa Unguja, ng'ambo ya bahari hii hii ambayo mto wetu unamwaga maji yake. Na kwa kuwa jarida letu lina desturi ya kutoa ukurasa kwa ajili ya mtu mashuhuri aliyetangulia mbele ya haki, niliomba safari hii tumweke yeye. Si wenzangu wote katika kamati waliokubali. Sababu zao nitazieleza mahali pake, maana si za kupuuzwa.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba, 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Baba yake, Mzee Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar chini ya serikali ya Waingereza. Kwa maneno mengine alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi, anayehesabu senti za wengine. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarati, Bara Hindi, wafuasi wa dini ya kale ya Zarathustra iliyoanzia Uajemi, nao walikuwa jamii ndogo sana katika mji ule uliojaa Waislamu, Wahindu na Wakristo.

Wasomaji wa Delta wasidhani kwamba mji huo uko mbali na sisi. Kwa miaka mingi majahazi yalikuwa yakipakia boriti za mikoko katika mito ya Delta ya Rufiji na kuzipeleka Unguja, na nyingine kuvuka hadi Arabuni. Boriti hizo ndizo zilizobeba dari za majumba ya mawe ya Mji Mkongwe, na inasemekana hata upana wa vyumba vya majumba hayo uliamuliwa na urefu wa boriti. Nilipokuwa Unguja kwa shughuli za kikazi nililala katika nyumba moja ya kale huko Shangani. Mwenye nyumba, alipojua natoka Kibiti, alinyoosha kidole kuelekea darini na kuniambia kwamba nimelala chini ya miti ya kwetu. Basi tukisema marehemu alilelewa chini ya boriti za mikoko, pengine hatutakuwa mbali na ukweli.

Alipofikia umri wa miaka 8, wazazi wake walimpeleka Bara Hindi kusoma katika shule ya bweni ya wavulana ya St Peter's, mjini Panchgani, milimani, mbali kidogo na Bombay. Wale miongoni mwetu waliofika shuleni hapa kwa mashua kutoka Salale au Kikale, na sanduku la bati kichwani, wanaijua hali ya usiku wa kwanza bwenini. Lakini sisi tulikuwa vijana wa miaka 14 au 15, na likizo ilipofika tulirudi nyumbani. Yeye alikuwa mtoto wa darasa la pili, na baina yake na mama yake kulikuwa na bahari ya siku nyingi. Likizo nyingine alizimaliza kwa shangazi yake mjini Bombay.

Ni katika shule hiyo ndipo wenzake walipoanza kumwita Freddie. Ni hapo pia ndipo mkuu wa shule alipotambua kwamba mtoto huyu anao mkono wa piano, akawaandikia wazazi kuwashauri walipe ada ya ziada ili afundishwe. Walikubali. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama barua ile isingeandikwa, au kama karani wa mahakama angejibu kwamba fedha hiyo haipo. Mnamo mwaka 1958 wavulana watano wa bweni waliunda bendi, wakaiita The Hectics, wakawa wanapiga nyimbo za roki za wakati ule katika sherehe za shule. La kushangaza ni kwamba Freddie hakuwa mwimbaji mkuu wa bendi hiyo. Mwimbaji alikuwa mvulana mwingine. Yeye alikaa kwenye piano na kuitikia.

Alirudi Unguja mwaka 1963 akiwa kijana, akasoma kwa muda mfupi. Tarehe 12 Januari, 1964, yakatokea Mapinduzi, na katika mwaka huo huo familia ya Bulsara ilihamia Uingereza, ikapanga maisha mapya Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Hakurudi tena kuishi katika mji aliozaliwa, na hata alipokuwa maarufu hakupenda kuuzungumzia sana. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona kijana aliyeng'olewa mara mbili kabla ya kutimiza miaka 18 anaweza kuwa na sababu zake.

Huko London alisoma uchoraji na sanaa ya matangazo katika chuo cha Ealing, akapata stashahada mwaka 1969. Alifanya vibarua vya kupakia mizigo Heathrow, akauza nguo kuukuu katika soko la Kensington, akaimba katika bendi mbili tatu ambazo hazikufika popote. Mwaka 1970 bendi ya vijana aliowafahamu, Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, iliachwa na mwimbaji wake. Freddie aliingia mahali pake, akaipa bendi jina jipya la Queen, akaichorea nembo kwa mkono wake mwenyewe, na yeye binafsi akajiita Mercury. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, alijiunga mwaka 1971. Wanne hao hawakubadilika hadi kifo kilipowatenganisha.

Zama hizo nchini Uingereza ulikuwa umeshamiri mtindo wa roki ulioitwa glamu. Wanaume walipanda jukwaani wamejipaka wanja na rangi, wamevaa nguo za kumeremeta na viatu vya soli nene, na muziki wenyewe ulikuwa wa kupiga miguu na kuitikiana ili ukumbi wote uwe karamu. Akina Marc Bolan, David Bowie na bendi ya Slade ndio waliotamba. Queen walianza ndani ya wimbi hilo. Kwetu, tangu Januari 1969 vijana wa TANU walikuwa wameanza operesheni ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Hata hivyo wakubwa zetu wanaohudhuria mikutano hii, waliokuwa vijana miaka ya 1970, hawawezi kukana kwamba bugaluu na raizoni walizivaa, na picha zipo.

Queen walianza kuvuma mwaka 1974, na mwaka 1975 wakatoa Bohemian Rhapsody, utungo wa Freddie mwenyewe, wa karibu dakika 6, wakati redio zilikuwa hazipendi nyimbo zinazozidi dakika 3. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Ni utungo mkubwa, lakini hauwezi kuimbwa na wanafunzi juu ya madawati, kwa hiyo nauacha hapo.

Turudi kwenye vishindo vyetu. Mwaka 1977 bendi hiyo ilipiga katika ukumbi wa Bingley Hall, mjini Stafford. Watazamaji hawakutulia kusikiliza. Waliimba kila wimbo pamoja na Freddie, na onyesho lilipokwisha hawakuondoka, bali waliendelea kuwaimbia wao wanamuziki. Bendi nyingine zingekasirika, kwa kuwa mtu hulipwa ili asikilizwe. Hawa waliamua kutunga nyimbo ambazo umati ndio utakuwa bendi. May akatunga We Will Rock You, Freddie akatunga We Are the Champions, zikatoka katika santuri moja, kila mmoja upande wake. Santuri hiyo ilifika nafasi ya 2 Uingereza na ya 4 Marekani.

Namna ulivyorekodiwa huo wa kwanza inafaa kuelezwa, hasa kwa wanafunzi wanaodhani muziki mkubwa unahitaji mitambo mikubwa. Walikuwa katika studio ya Wessex, London, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Humo walikuta mbao kuukuu. Wakasimama juu yake, wakapiga miguu na makofi, wakarekodi. Kisha wakarudia tena na tena, sauti moja juu ya nyingine, hadi watu wachache wakasikika kama maelfu. May alikuwa msomi wa fizikia, baadaye mwaka 2007 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. Yeye alizipanga sauti zile zichelewe kidogo kidogo, kila moja kwa kipimo chake, ili sikio lisisikie mwangwi bali lisikie watu waliosimama karibu na waliosimama mbali. Ngoma haimo. Besi haimo. Gitaa linaingia mwishoni tu, na wimbo mzima ni dakika 2. Katikati ya vishindo hivyo imesimama sauti ya Freddie peke yake, haina cha kuiegemea.

Mtu aliyekulia kwetu haoni ugeni hapo. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Asiye na ngoma hupiga debe, na asiye na debe hupiga mguu. Nadhani hiyo ndiyo sababu wimbo huo haujachakaa. Nyimbo za glamu zilizohitaji mapambo zilichakaa pamoja na mapambo yake. Huu hauhitaji hata kujua Kiingereza.

Sasa nifikie mahali ambapo mtu huyu ananiletea shida. Mwezi Oktoba, 1984, Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, mojawapo ya nchi bandia zilizobuniwa na makaburu. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende Afrika Kusini, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikuwa kimewakataza wanachama wake. Walikwenda, wakatozwa faini na chama chao, na jina lao likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo huo. Walijitetea kwamba wao ni wanamuziki, si wanasiasa. Utetezi huo mimi siukubali. Katika mwaka huo huo vijana wa Afrika Kusini waliokimbia risasi walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, na nchi yetu, pamoja na umaskini wake, ilikuwa imewapa ardhi. Mtoto wa Unguja, ambaye kwa rangi yake mwenyewe asingehesabiwa mzungu katika Afrika Kusini ya wakati ule, alipaswa kulijua hilo kuliko wenzake watatu.

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai, 1985, alipanda jukwaani katika uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la Live Aid la kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Bendi ilipewa muda wa dakika 20 hivi. Freddie alivaa singlendi nyeupe na suruali ya kawaida. Wanja na nguo za kumeremeta alikuwa ameshaziacha siku nyingi. Watu wapatao 72,000 walinyoosha mikono na kupiga makofi kwa wakati mmoja, wakafuata kila sauti aliyowarushia. Wajuzi wengi wa muziki wanalihesabu kuwa onyesho bora kuliko yote ya roki. Vishindo viwili na kofi vilikuwemo, na wakafunga kwa ule wimbo wake wa mabingwa. Kama tamasha lile lilikuwa toba ya Sun City, sijui. Fedha za Ethiopia angalau zilifika mahali ambapo haja ilikuwepo.

Onyesho lake la mwisho pamoja na Queen lilifanyika Knebworth, Agosti 1986. Mwaka 1987 aliambiwa na madaktari kwamba ana virusi vya Ukimwi. Aliendelea kurekodi, akiwa dhaifu mwaka hadi mwaka, wakati waandishi wa magazeti wakimvizia mlangoni. Tarehe 23 Novemba, 1991, alitoa taarifa kwa umma kwamba anaugua ugonjwa huo. Siku iliyofuata alifariki dunia nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 45. Alizikwa kwa taratibu za dini ya wazazi wake, makasisi wa Kizarathustra wakisoma sala za kale za Uajemi, kisha mwili ukachomwa moto. Mzee Bomi na Mama Jer walikuwepo. Tarehe 20 Aprili, 1992, wenzake walifanya onyesho la kumkumbuka huko Wembley, na mapato yake yakaanzisha mfuko wa kupambana na Ukimwi ambao umesaidia miradi katika nchi nyingi.

Nilisema baadhi ya wanakamati hawakutaka aandikwe. Sababu ni kwamba marehemu, baada ya kuishi miaka kadhaa na mwanamke aliyeitwa Mary Austin, ambaye ndiye aliyemrithisha nyumba yake, aliishi na wanaume. Unguja kwenyewe jambo hili limeleta mgogoro: mwaka 2006 mkahawa mmoja ulipotaka kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake kwa karamu ufukweni, jumuiya ya Kiislamu ilipinga vikali na karamu ikafutwa. Hata hivyo mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake huko Shangani, na wageni wanalipa kiingilio. Nilimwambia mwenzangu mmoja katika kamati, ambaye namheshimu na ambaye ni imamu, kwamba siandiki kumtangaza mtu kuwa mwalimu wa maadili. Nilimwambia pia kwamba sitaandika nusu ya maisha yake, kwa kuwa nimeona nusu hiyo nyingine ikifichwa inavyoua.

Mlinda mlango wa timu yetu, mkondo wetu, wengi mnamkumbuka. Mwaka 2003 tulivuka kwa mashua kwenda kumzika kijijini kwao Delta. Kwa miezi mingi tuliambiwa ni kifua, halafu ni malaria sugu, halafu ni mkono wa mtu. Hakuna aliyetamka jina la ugonjwa, si nyumbani wala kaburini, wala sisi marafiki zake tuliokuwa tunajua. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Rais Mkapa alikuwa ameutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999. Na sisi mwaka 2003 tulikuwa bado tunanong'ona ndani ya mashua. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Freddie naye alinyamaza muda mrefu, na alisema siku moja tu kabla ya kufa. Lakini alisema. Mwenzangu imamu alinyamaza kidogo, kisha akasema makala yaandikwe, ila nisiyarefushe.

Wimbo wenyewe uliendelea na safari yake bila ya mwimbaji. Mwaka 2002 ulipewa heshima ya kuwa jina la mchezo wa jukwaani mjini London, uliochezwa kwa miaka 12. Sisi wa miaka ya 1990 tuliupata kwenye kaseti iliyorekodiwa juu ya kaseti, tukaupiga katika dansi la mahafali hadi utepe ukakatika, nasi hatukujua zaidi ya wanavyojua vijana wa leo. Katika kufunga Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 picha ya Freddie ilionyeshwa katika uwanja uliojaa watu, akiwarushia sauti nao wakimwitikia, miaka 21 baada ya kufa. Kisha May na Taylor wakaingia na vishindo vile vile. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya maisha yake, na aliyeigiza nafasi yake, Rami Malek, alipata tuzo ya Oscar.

Yule kijana wa Mbwera nilimsimulia haya kwa kifupi, tukiwa tumekaa juu ya dawati lililobaki uwanjani. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja tu, alitaka kujua marehemu alifaulu somo gani shuleni. Nikamwambia uchoraji. Alicheka sana, akaniambia kwamba hapa shuleni somo hilo halipo, kisha akabeba dawati lake kichwani kulirudisha darasani, maana kengele ilikuwa imeshalia.